Mgeni wa Kiooni

Jumapili, 27 Julai 2025

Upepo wa kusi, jua la kiasi, magoti mazima. Nimeamka vizuri.

Nimefunua shuka, nikamsabahi Dorun. Huyu mtu tangu nimtie kiooni hajanijibu hata mara moja. Kakaa kitako vilevile, panga zake mbili mapajani, macho chini. Nikaweka kiganja kwenye kioo, nikanywa siku yake moja, nikamrudishia shuka na kumgeuza ukutani. Kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Ndiyo maisha. Yeye ana siku tele zisizo na kazi. Zangu mimi ziliisha zamani sana, kabla mtaa huu wa Jomvu Kuu haujapata mtu wa kuupa jina. Nachota kwake moja kila asubuhi, basi. Wala simwonei huruma! Alinijia nimelala, na panga mbili, ati anikate kichwa. Mimi! Azramut Mla Nyuso, Bwana wa Vioo Saba, niliyelitia jeshi zima la nchi ya Kharuva kwenye kioo kisichozidi upana wa sinia! Vioo sita vimevunjika njiani, kimoja karne hii, kingine ile. Kimebaki hiki cha kimo cha mtu, na ndani yake kabaki huyu bwana mnuno.

Siku hizi naitwa Mzee Mwinyihaji. Nina kiduka cha vioo kwenye njia ya kuteremkia pwani. Vioo vya madirisha, vya kabati, vya pikipiki. Watu wa hapa wanadhani mimi ni mtu wa Pate. Watu wa Pate wanadhani ni Mngazija. Sijamkosoa yeyote.

Leo mteja mmoja alitaka kioo kisichomnenepesha. Nikamwambia kioo hakinenepeshi mtu, bibi, ni hayo mahamri. Kaondoka kanuna. Na kumbe ningeweza! Zamani ningemtengenezea kioo cha kumfanya mwembamba kama ufito, akitazame, afurahi, na kufikia Alasiri angekuwa ndani. Ah, siku zile. Sasa nauza silikoni na misumari.

Jumanne, 29 Julai

Jirani yangu Tumu anamwoza binti yake, Khairiya. Mtaa mzima hauna habari nyingine. Tumu ndiye apikaye mahamri na mbaazi za nazi nje ya mlango wake kila asubuhi, na sahani ya kwanza huniletea mimi. Mjane, mnene, sauti yake inafika Changamwe bila simu. Kanijia dukani.

Ati chumba cha bibi harusi hakina kioo cha maana. Ati anajua ninacho kimoja kirefu kule ndani, amekiona kimevikwa shuka siku aliyonifagilia nilipokuwa na homa. Nikamwambia kina ufa. Akasema ufa hauonekani usiku. Nikamwambia kina kutu. Akasema kutu hufutika. Nikamwambia ni amana ya mtu! Akaondoka akinitazama kwa pembe ya jicho.

Si uchoyo. Ni kufuli.

Fani yetu wachawi wa vioo ina kanuni: kifungo lazima kiwe na mlango, la sivyo kioo hupasuka. Basi mimi, kwa werevu wangu, nikatafuta mlango usiopitika. Kule Kharuva watu walikula wamejifungia, kila mtu kampa mwenzake mgongo, kwa kuogopa sumu. Mume na mke hawakuonyeshana sahani. Nikatunga hivi: Dorun hatatoka mpaka mtu anayekula amtazame amwambie "karibu", naye akubali. Nilicheka wiki nzima. Nani angemkaribisha mwenzake chakula?

Kisha Kharuva ikafa, nikatangatanga, nikaja kutua wapi? Huku! Ambako mtu akitafuna kipande cha muhogo humkaribisha kila apitaye — aliye juu ya pikipiki, asiyemjua, hata aliyegombana naye jana! Nilipofika mara ya kwanza nikamwona mvuvi mmoja anakula wali mkavu, mkono ndani ya chungu, na mkono wa pili ananipungia, karibu, karibu. Nilidhani ni mchawi mwenzangu.

Kwa hiyo shuka. Kwa hiyo ukutani. Na mimi mwenyewe hula barazani, kamwe si ndani. Mwenye macho mazima akikitazama kioo kile hujiona mwenyewe kwanza, lakini akikawia humwona mtu nyuma ya bega lake. Na mtu wa hapa akimwona mtu nyuma ya bega lake, mdomoni ana sambusa, unadhani atasema nini?

Alhamisi, 31 Julai

Hakipo!

Nilikwenda Changamwe kufuata vioo vya madirisha. Nimerudi adhuhuri. Mlango umefungwa vizuri, ufunguo umezungushwa mara mbili kama nipendavyo. Nikaingia chumba cha ndani. Ukuta mtupu. Shuka limekunjwa, limewekwa kitandani, tena limekunjwa kwa unadhifu!

Nimekwenda kwa Tumu mbio, kofia mkononi. Yuko anapepeta mchele, hata hakuinuka. Ati alikuja hakunikuta, ufunguo wa akiba si anao tangu ile homa, akaona akichukue tu, kwani ningekataa? Musyoka mwenye mkokoteni kakipakia, kimefika salama, kishapanguswa kwa siki na gazeti. Na ule ufa? Amekitazama mbele na nyuma, hakina ufa hata wa dawa. Nipimwe macho.

Nikasema ni amana, Tumu, nilikwambia ni amana. Akasema: "Mzee wangu, na harusi si amana?"

Mwanamke huyu hajasoma fani yoyote na kanifunga mdomo kwa ungo wa mchele.

Nikaomba nikione tu. Haiwezekani! Chumba cha bibi harusi, wanawake watupu, wanamsinga mwali kwa manukato. Mwanaume hapiti hata kikongwe. Kule ndani nilisikia vyombo vinagongana, wanakula, wanacheka, na karibu, karibu, karibu, kama chiriku.

Ijumaa, 1 Agosti

Asubuhi sikunywa kitu. Magoti yanalia. Ndevu nilizozilaza nyeusi zimeamka nyeupe upande mmoja.

Nimekwenda kwenye shughuli nikiwa na neno mdomoni. Ninalo moja tu lililobaki, neno la kumeza, ndilo pekee lisilofungwa na kanuni ya mlango. Nikilitamka kioo kikanisikia, kila kilicho mbele yake huingia ndani — kitanda, zulia, watu — siku zao zote huwa zangu, na kioo hufungika upya, bila mlango, milele. Dorun asingetoka tena hata akaribishwe na mji mzima. Halihitaji hata niingie. Dirishani panatosha.

Mlangoni nikasimamishwa. Wanaume nyuma! Nyuma nikakuta masufuria, moshi, na wapishi wa biriani. Mmoja akanitazama, akaona mikono mitupu, akanipa kisu na karai la viazi. Mla Nyuso! Nimemenya viazi tangu Dhuhuri hadi Alasiri. Wamesema nina mkono mwepesi. Nimefurahi, sijui kwa nini.

Karai langu lilikuwa chini ya dirisha lenyewe. Wanawake wanapiga vugo, wanaimba, wanamtania Khairiya kuhusu mume, huyo Safwan wa Kisauni, ati miguu yake mirefu itatokeza kitandani. Khairiya akacheka. Kicheko kikubwa, cha mamake mtupu. Tumu naye alikuwemo, na mamake Tumu, Bi Intisar, na dada zao, na majirani wote wanaonisalimia kila siku. Neno nilikuwa nalo ulimini. Nikafungua mdomo — nikaomba karai jingine.

Nimejiambia ni kwa sababu ya mahamri. Wote wakimezwa, nani atanipikia? Ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Jumamosi, 2 Agosti

Jino limetoka! Kwenye biriani, mbele za watu. Nililokuwa nalo tangu Kharuva. Aliyeketi karibu nami akadhani ni iliki.

Nikaha ilisomwa msikitini baada ya Alasiri. Safwan alitetemeka, akakosea jina la mkewe, akasahihishwa. Watu wakamcheka kwa upendo. Baadaye nikakaa barazani kwa Tumu, maana miguu haikutaka kwenda kwingine. Akaja Bi Intisar, anapapasa ukuta kwa mkono. Mama wa Tumu, umri mwingi, mtoto wa jicho kote kuwili. Haoni uso wake wala wa mtu, ila kivuli. Akakaa pembeni yangu, akashusha pumzi, akasema:

"Mwinyihaji, yule mgeni wako ni mtu wa adabu sana."

Mgeni gani, nikauliza.

"Yule mtu mume kijana alokaa kule chumbani, upande wa pili wa mlango wa kioo. Mato yangu mabovu, lakini yule namwona waziwazi. Nala mkate wangu wa sinia, naona yuwaniangalia. Nikamwambia, karibu, mwanangu. Akasema: starehe, bibi."

Nimemuuliza tena mara tatu. Kasema nini? Starehe, bibi. Una hakika? Bi Intisar akakasirika. Haoni, lakini kiziwi si yeye!

Bila shaka. Asiyeuona uso wake mwenyewe kiooni, amwone nani tena? Atamwona aliyemo.

Nikasubiri panga. Nikatazama mlango. Hakuna kitu. Ndipo nikaelewa, na nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, mpaka Bi Intisar akanigonga mgongo kwa kudhani nimepaliwa. Starehe! Ameketi mle karne zote hizo akingoja neno moja. Neno likaja, kwa sauti ya bibi, na kipande cha mkate juu yake. Naye kwa adabu akakataa! Maana mtu aliyelelewa hakubali kwa karibu ya kwanza. Husema starehe, kuleni kwa raha zenu, mimi niko sawa. Hungoja abembelezwe.

Na kajifunzia wapi? Si kwangu! Ukuta wa chumba cha ndani ndio ukuta wa Tumu. Kila asubuhi, karibu mahamri — starehe — karibu bwana — starehe. Miaka yote hiyo. Mimi nilidhani amelala, kumbe anasikiliza.

Kicheko kiliishia hapo.

Bi Intisar naye hajamaliza. Ati starehe ya kwanza si jibu. Atamrudia.

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda kudai kioo. Tumu kashangaa. Kioo kitatokaje? Maharusi wako fungate! Wiki nzima hawatoki, na kioo hakitoki. Nilisahau. Nimekaa kwenye harusi za watu hawa miaka nisiyoijua idadi, na fungate nikaisahau.

Mgongo umepinda.

Jumatano, 6 Agosti

Habari njema moja: maharusi hawamkaribishi mtu. Tumu kasema wanakula wakitazamana, sinia linaingia limejaa na linatoka nusu, na ukiwauliza walikula nini hawajui. Dorun anaweza kukaa pale akapiga hata tarumbeta, hawatageuka.

Habari mbaya: mimi. Nimeanguka dukani, kioo cha kabati kikavunjika. Tumu alisikia kishindo akaja na unga mikononi. Akaniburura hadi zahanati, huku akigomba njia nzima, ati mzee hali, mzee halali, mzee anajiua kwa ajili ya kipande cha kioo. Nesi ni dada mmoja mpole, Nafula, kanifunga mpira wa presha. Akauliza umri. Nikasema siku nyingi. Akanitazama, akaandika sabini na nane. Nimefurahi mno. Tumu akasema haiwezekani, mwezi uliopita alikuwa na hamsini na kitu.

Kaniletea uji wa mtama jioni. Kakaa mpaka nimeumaliza. Kasema sura yangu haimpendezi na kama kuna jambo nimwambie. Yeye hana baba tena, wala mimi sina mtoto, kwa hiyo hakuna haja ya kufichana.

Nilitaka kumwambia. Wallahi — tazama nami ninavyoapa siku hizi — nilitaka. Ningeanzia wapi? Tumu, nilikuwa nakula nyuso za watu? Nikasema ni baridi ya kusi. Akanifunika lile shuka la kioo.

Naogopa kufa. Sijawahi kuliandika hilo. Watu wa hapa wanakufa wakiwa na wa kuwaosha, wa kuwasomea, wa kuwasema vibaya kidogo kisha wakalia. Mimi nilidhani hayo hayanihusu.

Ijumaa, 8 Agosti

Bi Intisar kaja kwa fimbo, kuniarifu rasmi. Juzi kamrudia mgeni wangu, maharusi wamelala. Lakini hakuwa na chakula mkononi, akaona haya kumkaribisha kwa maneno matupu, basi wakazungumza tu. Kamuuliza kwao wapi. Akasema mbali. Kamuuliza kwa nini haji kukaa na watu. Akasema mwenye nyumba hajampa ruhusa.

"Mwinyihaji," Bi Intisar kasema, na kidole chake kilikuwa kwenye kifua changu, "una mgeni na hujamkaribisha?"

Nimetafuta uongo, sikuupata. Mimi!

Kasema basi hatamkaribisha yeye, ingekuwa kunivunjia heshima. Kioo kikirudi kwangu atakuja na sinia, na mwenyeji atamkaribisha mgeni wake kama watu. Akaondoka. Tumu aliyekuja kumchukua akanikonyeza, akanong'ona kwamba mama anazungumza na kivuli chake, nisimjali, masikini, umri.

Jumamosi, 9 Agosti

Kimerudi!

Musyoka kakileta mkokoteni, kimefungwa kanga mbili za harusi, asumini zimekwama kwenye fremu. Nikamfukuza kwa shukrani. Nikafunga mlango. Nimekaa mbele yake kitandani, natweta. Mikono yangu sasa ina mabaka, kucha zimekuwa za njano. Ilibaki kunyoosha mkono tu. Nikaunyoosha. Kiganja kiooni, baridi nzuri ileile.

Dorun akainua uso. Sijauona uso ule tangu Kharuva. Kijana mdogo! Sikukumbuka kama alikuwa kijana. Akanitazama mvi, pengo, mgongo. Akasema:

"Shikamoo."

Mdomo wangu ukajibu marahaba. Wenyewe! Sikuuambia!

Nikauondoa mkono. Sikunywa kitu. Nimejaribu tena Magharibi, na tena baada ya chai. Nafika nusu ya njia mkono unarudi. Huwezi kumnyonya mtu aliyekuamkia na ukamwitikia. Sijui nani kaweka sheria hiyo, hakuwa mimi.

Nimekasirika sana. Nimemgeuza ukutani. Kisha nikamgeuza tena huku, maana alikuwa akitazama ukuta kwa ajili yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika jikoni, nimesimama. Nimewaambia natafuta ndimu.

Wamekuja adhuhuri, Bi Intisar mbele na fimbo, Tumu nyuma na sinia kichwani. Biriani ya mbuzi, achari, kachumbari. Nikasema tukae barazani. Bi Intisar akasema barazani si kwa mgeni. Akaingia moja kwa moja chumba cha ndani kana kwamba ana macho, akamwambia Tumu atandike mkeka mbele ya kioo. Tumu akatandika. Sinia likawekwa katikati, mimi upande huu, kioo upande ule. Bakuli la maji ya kunawa. Wao wamekaa nyuma yangu, ukutani. Ati hili ni sinia la wanaume, lao liko nyumbani.

Dorun kavua upanga mmoja, kaulaza chini pembeni, kama mtu avuaye viatu. Wa pili bado anao mapajani. Mkono uko juu ya mpini, lakini haukuukamata. Nimeutazama sana mkono ule. Sikuweza kuusoma.

Bi Intisar akasema nawa, shika tonge, mkaribishe mwenzako. Nikasema sina njaa. Akasema hakuniuliza njaa. Tumu akaniinamia sikioni, harufu ya hina bado anayo, akasema: "Mzee wangu, sema tu. Neno moja. Ufurahishe moyo wake, ana siku ngapi za kufurahi?"

Neno moja! Lipi, Tumu? Ninayo mawili mdomoni.

Nikalitamka la kumeza huku jikoni, napona. Meno yanarudi, ndevu zinarudi, Dorun hatoki milele. Na Bi Intisar amekaa mbele ya kioo, fimbo magotini. Na Tumu yuko mbele ya kioo, anapepea nzi kwa ukingo wa kanga, ili wasitue kwenye chakula changu.

Nikalitamka la pili, atasema starehe. Nitalazimika kumwambia tena. Atakubali mara ya pili, namjua sasa, ni mtu wa adabu. Atavuka, atakaa, atanawa. Na kisha? Mtu aliyetoka Kharuva na kisasi chake, au mtu wa ukuta wa Tumu? Upanga mmoja chini, mmoja mapajani. Hata yeye labda hajui.

Mlango wa nyuma uko wazi. Nimeupima. Kwa magoti haya ningefika mkwajuni, si zaidi, na Tumu angenifuata akidhani nimechanganyikiwa.

Naogopa. Naogopa kama nilivyowaogopesha watu wa Kharuva.

Tumu anaita: ndimu zimekwenda kuchumwa Kwale? Bi Intisar anasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba mtoto wa watu anangoja na wali unapoa, na kwao Pate sijui wanafundishana nini. Na sauti nyingine, ya kiume, ya taratibu, inamwambia bibi asijali, mwenyeji asiharakishwe.

Kumbe ilikuwepo ndimu, chini ya vitunguu. Moja tu, lakini kubwa. Nimeiosha. Nimeikata vipande viwili, kimoja changu, kimoja cha mgeni.